Shilingi ya Langoni na Jiwe la Njiani: Kisa cha Msitu wa Karura

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, siku mbili baada ya mvua kubwa, nilisimama kwa muda wa saa moja hivi kando ya njia iteremkayo mtoni ndani ya Msitu wa Karura, nikitazama miguu ya watu. Udongo wa pale ni ule mwekundu wa Nairobi, ambao kiangazi huwa vumbi laini na masika hunata viatuni mpaka kiatu kikawa kizito, na katikati ya njia palikuwa na dimbwi lenye urefu wa hatua nne. Hakuna aliyepita katikati. Msichana aliyevaa raba nyeupe alifika, akasita, akashika tawi la kichaka na kupita pembeni juu ya nyasi. Familia iliyomfuata ikakanyaga palepale alipokanyaga yeye, baba akiwa amembeba mtoto mabegani. Likaja kundi la waendesha baiskeli, na lilipoona kwamba nyasi za upande wa kushoto zimekwisha kulainika, likapita upande wa kulia. Kufikia adhuhuri, njia ambayo palipo pakavu ilikuwa na upana wa hatua mbili tu ilikuwa imefika hatua saba mahali pale pa dimbwi, na miche miwili ya muhugu iliyokuwa imepandwa kando ilikuwa imelala chini ya matope. Hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyekuwa na nia mbaya, wala sikuona aliyevunja kanuni yoyote iliyobandikwa langoni.

Kisa ninachokichambua ni kile cha msitu wa umma ambao kwanza ulikosa wageni, ukaponea kwa kupata wageni, na sasa unalemewa na wageni haohao. Mjadala wake mjini huendeshwa mara nyingi kama mjadala wa kiingilio au wa nani ashike fedha za lango, na wakati mwingine kama mjadala wa idadi ya watu. Kwa maoni yangu mijadala yote hiyo inakutana katika lile dimbwi, na swali linalostahili kuulizwa kabla ya mengine ni hili: shilingi anayoitoa mgeni langoni inachukua muda gani kugeuka kuwa jiwe njiani?

Msitu wenyewe una hekta 1,041 na uko kaskazini mwa jiji, umepakana na Muthaiga, Gigiri na Runda, na barabara za Limuru na Kiambu zimeukata katika vipande, kile kikubwa cha katikati, Sigiria upande wa magharibi na Sharks upande wa mashariki. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kwa mujibu wa kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, misitu ya serikali ni ardhi ya umma, nayo Karura iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu Kenya, lijulikanalo kama KFS. Tangu mwaka 2009, hata hivyo, shirika hilo limefanya kazi humo pamoja na chama cha jamii cha msitu, Marafiki wa Msitu wa Karura, ambacho wengi hukiita kwa jina lake la Kiingereza, Friends of Karura Forest. Ndani kuna njia za miguu na za baiskeli zenye urefu wa zaidi ya kilomita 50, maporomoko ya maji, mapango yanayokumbukwa kwa habari za wapiganaji wa Mau Mau, na ziwa dogo lenye mayungiyungi. Katika jiji ambalo mbuga yake maarufu, ile ya kilomita za mraba 117 upande wa kusini, haiwezi kutembelewa bila gari, Karura ni mahali ambapo mtu aliyeshuka kwenye matatu anaweza kuingia msituni kwa miguu yake mwenyewe. Jambo hilo lina uzito mkubwa katika kisa hiki kuliko wanavyodhani wengi wa wanaokijadili.

Ni lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu bila historia hii uamuzi wowote kuhusu wageni utakosea. Katika miaka ya tisini sehemu kubwa ya Karura iligawiwa kinyemela kwa watu binafsi na kampuni za ujenzi. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wa shirika la upandaji miti la Green Belt Movement wakapinga, na tarehe 8 Januari 1999, walipokwenda langoni kupanda mti, walivamiwa na walinzi wa waliojigawia ardhi hiyo, naye Maathai akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo Rais Moi akatangaza kusitishwa kwa ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ukabaki. Lakini kubaki kwa msitu hakukuwa sawa na kuwa salama. Wakazi wa Nairobi waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka kwamba Karura palikuwa mahali pa kupita kwa gari, vioo vikiwa vimefungwa, wala si mahali pa kutembea. Palikuwa na wanyang'anyi, palikuwa na uchomaji wa makaa na utengenezaji wa chang'aa, na maiti zilikuwa zikitupwa humo.

Kilichoubadilisha msitu ule kilikuwa mambo matatu yaliyokwenda pamoja. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu vyama vya jamii kuingia katika makubaliano ya usimamizi na KFS, na sheria iliyofuata ya 2016 ikaliendeleza jambo hilo. Wahisani wakachangia ua wa umeme, na vijana kutoka makazi ya jirani wakaajiriwa na kufunzwa kuwa maskauti. Jambo la tatu, ambalo nadhani husahaulika haraka zaidi, ni kwamba watu walianza kuja. Ua humzuia mwizi kuingia, lakini hauwezi kuona kinachotendeka kilomita mbili ndani ya miti. Wanaokuja kukimbia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akina mama wanaotembea wawili wawili, vikundi vya kanisa na familia zenye vikapu vya chakula ndio walioijaza ile nafasi iliyokuwa ya wahalifu. Kwa lugha ya wasimamizi wa hifadhi, mgeni huhesabiwa kama mzigo unaobebwa na ardhi. Katika Karura mgeni alikuwa kwanza mlinzi, tena mlinzi aliyekuwa akilipa ili alinde.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema dawa ya msongamano ni kupunguza watu. Ukiwapunguza bila kujua ni wapi, ni lini na ni akina nani, unaweza kuwa umewaondoa walinzi wako.

Hata hivyo msongamano upo, na si haki kuukana. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, mikahawa na kumbi za starehe zilipofungwa, wakazi wengi wa jiji waliligundua lango la msitu kwa mara ya kwanza, na mazoea yale hayakuisha maradhi yalipopungua. Jumamosi na Jumapili asubuhi, na zaidi siku za sikukuu, msururu wa magari hujaa upande wa Barabara ya Limuru, na ndani ya msitu njia mbili au tatu zinazokwenda kwenye maporomoko na mapango hubeba sehemu kubwa ya watu wote, ilhali njia za pembeni hukaa kimya. Ukitembea robo saa kutoka kwenye umati huo unaweza kusikia paa akikanyaga majani makavu. Kwa hiyo tunapouliza kama Karura imejaa, jibu la kweli ni kwamba Karura imejaa mahali pachache kwa saa chache, na sehemu kubwa ya wiki, katika sehemu kubwa ya hekta zake, haijajaa hata kidogo.

Madhara yanayoonekana kwenye njia nayo yana kanuni yake. Watafiti wa maeneo ya matembezi wamegundua, katika nchi nyingi na kwa miongo mingi, kwamba uharibifu wa udongo na mimea hauongezeki sawasawa na idadi ya watu. Wale wa kwanza kukanyaga nyasi ndio waharibifu wakubwa kuliko wote: makumi machache ya miguu hutosha kuua majani na kuugandamiza udongo, na baada ya hapo mamia wanaofuata huongeza kidogo tu juu ya kile kilichokwisha kuharibika. Maana yake kwa msimamizi ni kubwa. Ukiwatawanya watu elfu moja katika vijia kumi ili "kupunguza mzigo", unapata vijia kumi vilivyoharibika. Ukiwapitisha watu haohao katika njia moja iliyojengwa vyema, yenye mawe chini na mifereji ya kutoa maji pembeni, unapata njia moja ngumu na msitu mzima kandokando. Lile dimbwi nililolitazama lilikuwa likifanya kazi mbaya ya kuwatawanya watu, hatua moja kushoto na hatua moja kulia, kwa sababu tu katikati hapakuwa na mahali pa kuweka mguu.

Lazima pia tutaje maji. Njia inayoteremka moja kwa moja kuelekea mtoni hugeuka mfereji mvua inaponyesha, na udongo wote uliolegezwa na miguu na magurudumu huishia katika mito ya Karura, Ruaka na Gitathuru. Aliyeona jinsi Nairobi ilivyofurika mwezi wa Aprili mwaka 2024 hahitaji kuelezwa kwamba udongo unaotoka juu hukwama mahali fulani chini, katika makaravati ya watu wengine. Kazi ya kuielekeza njia ikate mteremko kwa mshazari, na kuweka vizuizi vidogo vya magogo kila baada ya hatua kadhaa ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu, ni kazi ya jembe, sururu na macho ya mtu aliyezoea. Haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji watu wanaolipwa kila mwezi na vifaa vinavyofika kabla ya mvua.

Madhara mengine nitayapitia kwa haraka. Mbwa asiyefungwa kamba humkimbiza paa, na paa aliyekimbizwa mara nyingi huhama. Kima wanaopewa ndizi na mikate kwenye sehemu za kula hugeuka wanyang'anyi wa vikapu, na wa kulaumiwa ni aliyetoa ndizi ya kwanza. Plastiki zimepungua sana tangu marufuku ya plastiki za kutumiwa mara moja katika maeneo ya hifadhi ianze tarehe 5 Juni 2020, na ukaguzi wa mifuko langoni, hata kama huwaudhi wageni, ni wa lazima. Mbega walioletwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, katikati ya miaka ya 2010 wamezoea, nao huwa juu sana ya miti hata kelele za watu zisiwasumbue kama zinavyowasumbua wanyama wa chini.

Dawa inayotajwa kwanza kila mara msongamano unapoongelewa ni bei. Pandisha kiingilio, husemwa, na watu watapungua huku mapato yakiongezeka. Ni hoja yenye mantiki ya duka, lakini hebu tuangalie ni nani atakayepungua. Mama anayekuja kutoka Mathare au Kawangware na watoto watatu hulipa nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wanne kabla hajafika langoni, naye huja labda mara moja kwa mwezi, akatembea taratibu, akaketi na watoto wake chini ya mti, akarudi nyumbani. Mwenye baiskeli ya thamani ya maelfu mengi ya shilingi huja kila wikendi na hatashindwa na nyongeza yoyote iliyo ya kiasi. Kwa hiyo bei humwondoa kwanza yule anayekanyaga kidogo, na humwacha yule ambaye magurudumu yake, katika mteremko ulioloa, huchimba zaidi. Sisemi hivi kwa chuki dhidi ya waendesha baiskeli, ambao wengi wao ni watetezi wa kweli wa msitu huu. Nasema tu kwamba bei haijui tofauti kati ya mguu na gurudumu, wala kati ya Jumanne na Jumapili, na chombo kisichojua tofauti hizo hakiwezi kuzisimamia. Ardhi hii, tukumbuke, ni ya umma, na yule mama ni umma.

Dawa ya pili ni kuweka kikomo cha idadi ya watu kwa siku. Kuna mahali ambapo jambo hilo limefaulu. Nchini New Zealand, njia ya Milford huruhusu watembezi huru 40 tu kuanza safari kila siku katika msimu wake, na utaratibu huo hufanya kazi vizuri kwa sababu safari ile ni ya siku nne, huelekea upande mmoja tu, na hulala kwenye vibanda vyenye vitanda vinavyohesabika. Mtu huipanga miezi kadhaa mbele, pengine mara moja maishani. Karura ina malango kadhaa, na mgeni wake ni mtu aliyeamka asubuhi, akaona jua limetoka, akavaa viatu. Kumwambia mtu huyo kwamba nafasi za leo zimekwisha ni kumnyima matembezi ambayo daktari amemwagiza, na mwishowe atarudi kwenye kandokando ya barabara kuu, akivuta moshi wa malori.

Mwaka 1985 watafiti wa Huduma ya Misitu ya Marekani walitoa utaratibu ambao nauona unafaa zaidi kwa kisa chetu. Walichoka na swali la watu wangapi wanatosha, ambalo halina jibu, wakaligeuza: ni mabadiliko gani tuko tayari kuyakubali, wapi, na tutajuaje yakivuka mpaka? Msimamizi huchagua vitu vichache vinavyoweza kupimwa kwa macho na utepe, kama vile upana wa njia, idadi ya vijia vya mkato vilivyozuka, ukubwa wa udongo ulio wazi bila majani, au rangi ya maji mahali njia inapovuka mto. Kila sehemu ya msitu hupewa kiwango chake. Kando ya maporomoko tunaweza kukubali udongo mgumu na umati, kwa kuwa mahali hapo pameshatolewa kwa watu, lakini katika vipande vya miti ya asili, yenye muhugu, muthiga na mizeituni ya mwitu, hata kijia kimoja kipya ni kingi mno. Kipimo kikivukwa, hatua inayofuata iwe imekubaliwa kabla: kufunga njia kwa miezi mitatu, kuweka mawe, kuhamisha baiskeli. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba skauti mwenye utepe wa kupimia anaweza kuuendesha, na mgeni anaweza kuuelewa akionyeshwa.

Karura ina bahati moja ambayo misitu mingi haina. Sehemu yake kubwa ilipandwa miti ya kigeni, hasa mikaratusi, na wasimamizi wamekuwa wakiiondoa kidogokidogo na kurudisha miti ya asili. Yapo basi maeneo ambayo tayari yalikwisha kubadilishwa na mkono wa binadamu, ambako njia pana za kukimbilia na za baiskeli hazitakuwa na cha thamani kubwa cha kuharibu. Msongamano upelekwe huko. Tahadhari ni moja tu, kwamba palipong'olewa mikaratusi na kupandwa miche panahitaji kufungwa kabisa kwa miaka ya mwanzo, kwa kuwa mche wa muhugu hukua polepole mno na hausamehe kukanyagwa.

Sasa nije kwenye fedha, ambako ndiko joto la kisa hiki liliko. Mwishoni mwa Agosti 2025 KFS ilielekeza kwamba kiingilio chote cha Karura kilipwe kupitia jukwaa la serikali la eCitizen, kama ilivyokwisha kuagizwa kwa huduma nyingine za serikali zinazolipiwa kwa namba moja ya malipo ya simu, 222222. Chama cha jamii na watumiaji wengi wa msitu walipinga, na suala likafika mahakamani. Sitaki kulihukumu lililofikishwa mbele ya hakimu. Nataka kueleza kwa nini pande zote mbili zina hoja, kwa sababu nimesikia kila upande ukimwita mwenzake mwizi, na tuhuma hizo hazijengi njia hata moja.

Hoja ya serikali ni kwamba msitu ni wa umma na kwa hiyo fedha zake ni za umma, na fedha za umma zinapaswa kupokelewa mahali panapoonekana na kukaguliwa. Kifungu cha 206 cha Katiba kinasema kwamba fedha zote zinazokusanywa na serikali ya kitaifa ziingie katika hazina moja ya pamoja. Mwenye kumbukumbu ya miaka ya tisini hawezi kuidharau hoja hiyo, kwa sababu Karura nusura ipotee mikononi mwa watu waliofanya mambo ya umma gizani. Hoja ya chama cha jamii ni kwamba msitu ulifufuliwa na mkataba ambao ndani yake fedha za lango zililipa maskauti na matengenezo ya ua moja kwa moja, na kwamba fedha zikishapanda kwenda katika hazina kuu hurudi kwa mwendo wa bajeti, yaani baada ya maombi, makadirio, idhini na zabuni. Ua wa umeme ukikatika leo hausubiri mwaka mpya wa fedha.

Jambo ambalo mjadala wa mjini umelipita haraka ni kwamba kifungu hichohicho cha 206 kinaruhusu Bunge, kwa sheria, kuziacha fedha fulani kando ya hazina ya pamoja, ziingie katika mfuko mwingine wa umma uliowekwa kwa kazi maalumu, au zibaki kwa chombo kilichozipokea ili kigharamie shughuli zake. Kwa hiyo si kweli kwamba tunalazimika kuchagua kati ya uwazi na wepesi. Fedha zinaweza kupokelewa kwa namba ya serikali, zikaonekana kwa kila mtu, kisha sehemu iliyotajwa kwa kiwango kamili katika mkataba ikarudi katika akaunti ya msitu kila wiki, chini ya sahihi mbili, ya KFS na ya chama. Nikiulizwa ni lipi katika kisa hiki linalostahili kupiganiwa zaidi, nitajibu kwamba ni mkataba wa namna hiyo wenye idadi ya siku ndani yake. Namba ya malipo ni jambo dogo. Siku kati ya malipo na matumizi ndizo zinazoamua kama dimbwi litazibwa mwezi wa Machi au litaachwa mpaka Juni.

Katika kubuni malipo ya simu, asisahaulike mtu asiye na simu yenye intaneti. Langoni pawe na dirisha ambamo mzee anayekuja na wajukuu wake anaweza kusaidiwa kulipa na mhudumu, kwa heshima, bila kusimamishwa kando kama aliyekosea.

Na hatuwezi kuongelea fedha za Karura bila kuwataja majirani wake maskini. Upande mmoja wa ua kuna kuta ndefu za Muthaiga na Runda. Upande mwingine kuna Mji wa Huruma na Githogoro, nyumba za mabati zilizosongamana, ambako ndiko walikotoka wengi wa maskauti na wa wafanyakazi wa vitalu vya miche, na ambako wanawake wameruhusiwa kuingia kuokota kuni zilizokauka. Watu hao walikuwa msituni kabla ya kuwapo mgeni hata mmoja wa kulipa. Kazi ya skauti katika nyumba ya Huruma ni karo, ni unga, ni sababu ya jirani kumripoti mkata miti badala ya kumfichia panga. Kila shilingi inayochelewa hugusa kwanza mshahara huo, na hapo ndipo ulinzi wa msitu huanza kulegea, kimyakimya, muda mrefu kabla mgeni wa Jumapili hajaona tofauti. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kusimamia na kulinda mazingira. Ushiriki huo kwa Mji wa Huruma una jina, una sare ya kijani, na hulipwa mwisho wa mwezi.

Kutokana na hayo yote, ningependekeza mambo yafuatayo yafanywe kwa mpangilio huu. Kwanza, kabla ya mvua za Oktoba, njia tatu zenye msongamano mkubwa zijengwe kwa mawe na mifereji, na vijia vya kando vifungwe kwa matawi na kupandwa. Baadaye baiskeli zitengewe mizunguko yake katika maeneo ya mikaratusi na zizuiwe kwenye miteremko ya mtoni siku mbili baada ya kila mvua kubwa, kwa kibao cha langoni kinachobadilishwa kila asubuhi. Kiingilio cha mwananchi kibaki chini, na kama ni lazima mapato yaongezwe, yaongezwe kwenye maegesho ya magari siku za wikendi, kwa kuwa gari ndilo linalochukua nafasi kubwa na mwenye gari ndiye mwenye uwezo. Vipimo vya njia vitangazwe langoni kila robo mwaka, kwa Kiswahili, kando ya mapato na matumizi ya robo hiyo, ili anayelipa aone shilingi yake imefika wapi.

Mwezi wa Juni nilirudi kwenye njia ile ya mtoni. Dimbwi lilikuwa limekauka, udongo umekuwa mgumu kama tofali, na watu walikuwa wakitembea sita kwa safu katika ule upana wa hatua saba kana kwamba njia ilikuwa hivyo tangu zamani. Nilimkuta skauti mmoja, kijana, akikokota matawi ya mkaratusi na kuyalaza pande zote mbili ili kuirudisha njia katika upana wake. Nilimsalimu na kumuuliza kama matawi yatatosha.

"Hapana, mzee," alisema. "Haya watu watayaruka. Nayaweka tu nyasi zipate kupumua kidogo. Hapa katikati ndipo pana shida, na hapa panataka mawe."

Nilimuuliza mawe kiasi gani. Akaweka panga chini, akatembea taratibu kutoka mahali dimbwi lilipoanzia mpaka lilipoishia, akihesabu kwa sauti, kisha akarudi upande wa pili akihesabu tena. Akasema lori mbili zingetosha, na moja ya changarawe juu yake, mradi zifike kabla ya mwisho wa Septemba.

Nilimwachia daftari langu akaniandikia vipimo hivyo kwa mkono wake, na siku iliyofuata nikavipeleka langoni.